Nakolong na Debe la Mipira ya Gofu

Watu wa Isiolo wanaojua mpira wa gofu ni watatu. Wa kwanza ni mimi, Lokaale. Wa pili ni Gikunda, sajini mstaafu, Mmeru mwenye miguu mirefu na subira fupi. Wa tatu ni Nakolong, binti wa marehemu kaka yangu, na ndiye ninayetaka kuandika habari zake, kwa sababu yeye mwenyewe hatakuambia. Ukimuuliza Nakolong habari, atajibu "nzuri" na kuendelea na kazi. Ukiniuliza mimi, lete kiti.

Elimu yangu naiweka wazi mapema, ili mwalimu asijisumbue kunisahihisha. Nilifika darasa la sita. Hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu nzuri ni kama la saba. Mengine nimejifunza kwa macho, na macho yangu hayajawahi kurudia darasa.

Sasa gofu iliingiaje Isiolo? Ni ugatuzi. Zamani karani akitumwa kazi huku kwetu alikuwa analia tangu kwao, na akifika anaanza kuomba uhamisho. Kaunti ilipopata serikali yake, maofisa wakaanza kukaa. Mtu akikaa, Jumamosi inamfikia akiwa hana la kufanya. Gikunda alikuwa amejifunza gofu jeshini, kwa kuwabebea wakubwa mifuko ya fimbo. Akaona nafasi. Akaomba kipande cha ardhi nyuma ya mtaa wa Kiwanjani, akachimba mashimo tisa katikati ya mawe na migunga, akapachika bendera za mifuko ya unga, akasema huo ni uwanja.

Usifikirie nyasi. Nyasi zetu zinaliwa kabla hazijajua kwamba ni nyasi. Pale penye shimo, ambapo watu wa baridi wana majani mabichi ya kukatwa kwa mashine, sisi tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari, ili upepo usiuchukue. Wachezaji wanaliita brauni. Kwingine kote ni ardhi ngumu, ngumu kiasi kwamba mpira ukianguka unaruka tena kama umesahau kitu juu.

Wakati huo Nakolong alikuwa anauza maji. Alikuwa na punda wawili na mitungi minane, na njia yake ya kwenda kisimani ilikatiza uwanja wa Gikunda katikati. Wakubwa walikuwa wanapiga mipira yao kwenye miiba, wanaitazama miiba, wanatazama suruali zao, wanaacha. Nakolong hakuwa na suruali ya kuhurumia. Aliingia, akatoa mpira, akautia ndani ya debe tupu la mafuta ya kupikia lililoning'inia kwa punda wa kushoto. Gikunda akampa fimbo moja kuukuu, iliyovunjika mpini na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, akamwambia, "Mama, ukiwa unangojea zamu kisimani, jaribu na wewe."

Akajaribu. Na hapa nataka uelewe jambo, kwa sababu ndilo shina la habari yote. Nakolong amekua akiangusha maganda ya mgunga kwa ajili ya mbuzi. Unachukua mti mrefu, unauzungusha juu, unagonga tawi. Ukigonga kwa hasira unaangushiwa miiba na tawi lenyewe kichwani. Ukigonga polepole, kwa mzunguko mzima wa mwili, yanashuka maganda peke yake. Kwa hiyo mkono wake hauna haraka hata kidogo. Alipokuwa anapiga gofu ungedhani anafukuza nzi mwenye heshima zake. Wakubwa walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini yangu ilikuwa ya kifamilia.

Kisha bomba likafika Kiwanjani. Siku maji yalipotoka kwenye mfereji tulipiga makofi mtaa mzima, mimi wa mbele kabisa, mikono juu. Nilipogeuka nikamwona Nakolong amesimama na punda wake wawili. Yeye hakuwa anapiga.

Baada ya mwezi hakuna aliyenunua maji. Punda mmoja akauzwa. Akaja mtu wa kampuni ya kuchimba visima, akasema kambi yao ya Korbesa inahitaji mpishi, mwaka mzima, na lori litapita Jumatatu fulani kuchukua watu. Kazi ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba Korbesa ni huko Merti, safari ya siku nzima, na mama yake Nakolong, shemeji yangu Akidor, alikuwa amevunjika nyonga. Hawezi kuinuka kitandani bila mtu kumshika, na hakubali kushikwa na mtu mwingine yeyote. Nilijaribu mimi siku moja. Alinipiga na kijiko.

"Apa," Nakolong aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, kama baba, "nikienda Korbesa, mama atakufa akiwa mkaidi."

"Na usipoenda?"

"Tutakufa wote, tukiwa wapole."

Mungu hamwachi mtu. Wiki hiyo hiyo wanachama wa uwanja waliamua kuajiri mtunza kiwanja: mtu wa kusawazisha brauni, kutunza fimbo, na kufundisha wanaoanza. Mshahara wa kila mwezi, na ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwa Akidor. Nakolong akaomba. Vincent naye akaomba.

Vincent ni mtoto wa binamu yangu, ukoo mmoja na sisi, anaendesha bodaboda. Kijana ana mabega kama mlango wa lojingi. Alijifunza gofu kwa kuwaleta wakubwa uwanjani na kubaki hapo anaangalia. Yeye akipiga mpira, mpira unaondoka kama umetukanwa.

Gikunda akawaita wote wawili. "Mtunza kiwanja lazima acheze," akasema. "Mtu hawezi kufundisha kuogelea na anaogopa karai. Jumamosi baada ya wiki tatu, mtacheza mashimo tisa. Mwenye mapigo machache ndio mwenye kazi. Mambo ya ukoo na machozi sitaki."

Jumatatu itakayofuata ndiyo ilikuwa ya lori la Korbesa. Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu: akishinda, anabaki na mama yake. Akishindwa, anapanda lori.

Jioni hiyo Nakolong akamwaga debe lote uani kwake. Mipira arobaini na kitu. Mingi ilikuwa imesuguliwa na changarawe mpaka maandishi yakafutika, vipara vitupu.

"Apa, hii yote ni nyeupe na yote ni saizi moja. Mbona haiendi sawa? Nikipiga hii inaenda, nikipiga hii inalala."

Hapo alikuwa amefika kwa mwenyewe. "Mpira ni kama beberu," nikamwambia. "Rangi si kitu. Unataka aliyekaza. Vincent anapiga mgumu kabisa, na unaona anafika wapi. Chagua mgumu."

"Na nitajuaje mgumu?"

Nikachukua mmoja, nikauweka kwenye magego, nikauma, ili aone kwa macho yake. Ugumu ulionekana. Kipande cha gego langu kilibaki kiganjani.

"Ndio huo?" akauliza.

"Ndio huo," nikasema nikiwa nimeshika shavu. "Cheza na huo."

Akacheza nao siku tatu. Mpira ulikuwa unatoka chini chini, hatua tisini, mia, unakufa. Mikono ilikuwa inamuuma mpaka kwenye viwiko. Mimi nikamwambia tatizo ni uvivu, apige kwa nguvu kama Vincent. Akapiga kwa nguvu kama Vincent, akaukosa mpira kabisa, akajizungusha mpaka akakaa chini. Punda aliyebaki alitazama upande mwingine, kwa adabu.

Siku ya nne hakunisikiliza tena. Nasema hivyo bila uchungu. Akaenda kusimama mahali pamoja, penye jiwe bapa nyuma ya shimo la pili, na akaupiga kila mpira mara kumi. Kila mmoja. Pale ulipoangukia akaweka kokoto. Hakuandika chochote. Alikuwa anarudi na kutazama kokoto zimekaa vipi, kama mtu anayeangalia mifugo imelala vipi. Halafu kabla ya kuurudisha mpira kwenye debe aliuangusha juu ya lile jiwe, akasikiliza.

"Unasikiliza nini, unauliza jina lake?" nikamtania.

"Sikia, apa." Akaangusha mmoja. Tak! Sauti nyembamba, kali, na ukaruka hadi kifuani. Akaangusha wa pili. Tup. Sauti nzito kidogo, ya chini. "Ile ya tak haitaki mimi. Inataka Vincent."

Baada ya wiki moja alikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la tak, migumu ya ndani. La pili lilikuwa la mipira ya wakubwa, ile ya ngozi laini. Hiyo ilimwendea vizuri, lakini changarawe yetu iliichana kama nyanya, na mpira uliochanika unapinda hewani. La tatu lilikuwa la mipira laini ndani na ngozi ngumu nje. Hiyo ndiyo iliyopaa. Mpigo ule ule wa kufukuza nzi, na mpira ukaenda hatua mia na thelathini bila kuomba msaada.

Mimi nikakaa nikafikiria, nikaelewa, na sasa nakuelezea bure. Mpira una usingizi. Kuna aliyelala usingizi mwepesi, ukimgusa tu bega anaruka. Kuna yule ambaye mpaka umpige teke. Vincent ana teke, basi anaweza kuamsha mgumu. Mtu wa mkono wa pole akipiga mgumu, mpira hausikii hata kwamba kuna mtu. Kwa hiyo si bei ya mpira, wala si kwamba mkubwa fulani anautumia. Tazama kwanza mkono wako unakwenda kasi gani, halafu ardhi yako ina mawe kiasi gani, ndipo uchague. Nilikuwa karibu kulisema hili siku ile ya kwanza, basi tu jino liliingilia.

Shida ni kwamba fungu la tatu lilikuwa na mipira mitatu tu. Mmoja ulichukuliwa na mbwa. Wa pili, Nakolong aliupiga vizuri kupita kiasi, ukavuka barabara kuu na kutua ndani ya lori la ngamia lililokuwa linaelekea Nairobi. Tuliona ngamia mmoja akitazama chini, kisha akatutazama sisi. Ukabaki mmoja.

Ijumaa, siku moja kabla, Gikunda akapitisha amri. "Mipira yenu yote imekuwa kipara. Kila mtu aweke alama kwa mpira wake, nisione watu wakigombana kesho."

Sasa kwa watu wa mifugo, nani wa kufundishwa alama? Nilichukua spoki ya baiskeli, nikaikunja, nikaitia kwenye jiko mpaka ikawa nyekundu. Nikaugusa mpira wa Nakolong kidogo tu, juu juu ya ngozi: duara lenye mkia. Ndiyo alama iliyo kwenye paja la kila ng'ombe wetu tangu babu yangu. Ilitoka safi mpaka nikaona huruma kwamba mpira hauwezi kuzaa.

Alasiri Vincent naye akapita na pikipiki. "Anko, nasikia unachoma alama. Nichomee na mimi."

"Wa kwako mgumu?"

"Mgumu kabisa, wa kipara, vile uliniambia."

Nikamchomea. Duara lenye mkia. Ningemchomea nini kingine? Yeye pia ni mtoto wetu. Aliinunulia familia soda, yaani mimi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na watu kama thelathini. Nakolong alikuja na gauni lake la kanisani, akiwa amelifunga pembeni, na viatu vya raba vya marehemu mume wake, vilivyojazwa karatasi mbele. Mimi nilimbebea fimbo. Zilikuwa nne. Gikunda alishika kitabu cha sheria ambacho kurasa za mwisho ziliondoka zamani, na kila mtu anajua ziliendea wapi, kwa sababu wanaofunga miraa walikuwa jirani zake.

Vincent akaanza. Paa! Mpira ukapotea machoni, ukapiga ardhi, ukaruka, ukaruka tena, ukasimama karibu na mbuzi wa watu. Watu wakapiga mbinja. Nakolong akafuata na mpigo wake wa nzi. Mpira ukapaa taratibu, ukashuka katikati, ukakaa.

"Huyo shangazi anacheza ama anabembeleza mtoto?" Vincent akaniuliza kwa sauti ya kusikika.

"Bembelezo limelala katikati ya njia," nikamjibu. "Hasira yako inachunga mbuzi."

Hivyo ndivyo walivyoenda. Vincent mbali lakini pembeni, Nakolong karibu lakini sawa. Baada ya mashimo sita walikuwa na mapigo thelathini na moja kila mmoja. Watu waliokuja kucheka walikuwa wameacha kucheka. Nakolong alikuwa hatazami mtu. Niliona anafuta kiganja kwenye gauni kila mara, na gauni lilikuwa limeanza kuonyesha alama za vidole.

Shimo la saba linapinda kushoto kando ya laga, mto wa mchanga usio na maji, na kwenye kona kuna kichaka kikubwa cha miiba. Vincent alipiga, mpira ukapinda, ukaingia kichakani. Nakolong alipiga pigo lake la pili kutoka mbali, upepo wa mlimani ukaushika, ukaingia kichakani humo humo.

Tulipofika tuliiona yote miwili. Mmoja ulikuwa nje ya kichaka, juu ya mchanga mweupe, mahali pazuri kama umewekwa kwa mkono. Wa pili ulikuwa ndani, umebanwa chini ya mzizi, hata fimbo haiingii.

"Wa nje ni wangu," Vincent akasema.

Gikunda akachomeka vijiti viwili kushika nafasi, akaiokota mipira, akaigeuza. Kipara na kipara. Duara lenye mkia na duara lenye mkia. Akatazama mmoja, akatazama mwingine. Halafu akanitazama mimi.

"Lokaale."

"Ndio, sajini."

"Hii alama ni ya nani?"

"Ya ukoo," nikasema. "Inaonyesha mali isipotee."

"Imepotea yote miwili! Wewe mzee, ulichomea watu wawili wanaoshindana alama moja?"

Nikamweleza kwamba kwetu ng'ombe wa ndugu wawili wakichanganyika hakuna hasara, wote wako nyumbani. Alisema hii si ng'ombe. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika magoti, na mimi nilijifunga shuka upya, polepole, nikitafuta maneno. Sikuyapata. Iandikwe kwamba siku hiyo Lokaale alikosa maneno.

Gikunda akafungua kitabu. "Sheria iko wazi. Mtu asipoweza kutambua mpira wake, umepotea. Mtarudi nyuma nyote, mpige mipira mingine, na adhabu ya pigo moja kila mtu."

Kwa Vincent hiyo haikuwa neno. Mfuko wake ulikuwa umejaa migumu. Nilimtazama Nakolong, nikaona uso wake umekuwa kama majivu. Kwenye debe hakukuwa na mwingine. Angemaliza mashimo matatu na mpira usiomsikia, na Jumatatu lori lingemkuta ameketi juu ya sanduku lake.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza. "Sema wa nje ni wako. Sema sasa hivi, kwa nguvu. Mimi nitaapa."

Akanipita. Akamwambia Gikunda, "Sajini, mimi naweza kuijua."

"Utajuaje? Hata mama yao hawezi kuijua."

"Nitageuka nisione. Wewe angusha kwa jiwe lile pale. Mmoja mmoja, vile unataka. Nitakuambia gani ni gani."

"Ati kwa masikio?" Vincent akacheka. "Shangazi, hii ni mpira ama simu?"

Gikunda akapekua kitabu, mbele na nyuma. "Sioni mahali imekatazwa," akasema. "Ama imekatazwa kwa zile kurasa zilienda na miraa. Haya, geuka."

Akageuka, akaangalia mlimani. Gikunda akamkabidhi mwanamume mmoja wa kando mpira uliokuwa nje aushike kwa mkono wa kulia, na wa mzizini kwa mkono wa kushoto, na watu wote wakaona. Yule akaangusha.

Tak!

"Ya Vincent," akasema Nakolong.

Tak!

"Ya Vincent tena. Anataka kunidanganya."

Tup.

"Yangu."

Mara nane. Mara nane zote hakukosea, na ya mwisho yule mtu alijifanya kukohoa ili kumchanganya, Nakolong akamwambia, "Hiyo ni yangu, na wewe unywe maji." Watu walipiga kelele. Mimi niliwaambia walio karibu kwamba ndiye aliyelelewa mikononi mwangu.

Kisha nikapata akili. Tak ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa ule mpira wa nje, wa mchangani. Masikio yake yalikuwa yamempa Vincent mahali pazuri, na yeye yamempa mzizi.

"Umejua?" nikamnong'oneza. "Ulijua wa nje si wako?"

"Nilishuku. Ulipotua ulipiga kelele mno."

"Na bado umesema? Nakolong! Mama yako!"

Akanitazama kama vile Akidor ananitazama kabla ya kijiko. "Apa, nikidanganya nachukua mpira wa Vincent. Hiyo mpira nitafanya nayo nini?"

Kweli, mpira huo ungekuwa mzigo kwake. Lakini najua pia kwamba hata ungekuwa dhahabu asingesema uongo, na aliniweka sababu ya mpira mbele ili nisione haya mbele ya watu. Ndivyo alivyo. Akakubali adhabu ya pigo moja ya kuutoa mzizini, akaudondosha pembeni, akaendelea. Shimo hilo Vincent alichukua matano. Nakolong saba.

Mapigo mawili nyuma, mashimo mawili mbele. Nilibeba fimbo kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

Shimo la nane wote walifika brauni sawa. Vincent aliusukuma wake kuelekea shimoni, na ule mgumu juu ya mchanga wa oili ukapita shimo kama abiria aliyelala akapitishwa steji. Akaurudisha, ukapita tena. Nakolong alisukuma mara mbili, ukaingia. Amebaki nyuma kwa pigo moja.

La tisa ni fupi, hatua mia na ishirini tu, lakini upepo unakuja usoni na nyuma ya brauni kuna mteremko wa mawe unaoingia kwenye laga. Mtu mwenye akili angepiga kidogo. Vincent alitazama watu. Nilimwona akiwatazama, na nikajua. Kijana wa mabega kama yale, watu thelathini wakimwangalia, hawezi kupiga kidogo. Paa! Mpira ukatua ukingoni mwa brauni, pale ardhi ilipokauka kama sufuria, ukaruka juu kuliko bendera, ukaenda kusalimiana na mawe ya laga. Tukausikia ukishuka, jiwe kwa jiwe. Ilimchukua mapigo matano kuumaliza.

Nakolong alisimama. Alifuta kiganja. Nilisikia anahesabu pumzi, au alikuwa anaomba, sikuuliza. Akauzungusha mti wake wa maganda, mzunguko mzima, bila haraka. Tup. Mpira ukapaa, upepo ukausukuma, ukakataa, ukashuka kabla ya brauni, ukajivuta ndani na kusimama hatua sita kutoka shimoni. Akasukuma. Ukasimama ukingoni kabisa, karibu uingie. Akausogeza. Matatu.

Gikunda alihesabu kidole kwa kidole, kisha akarudia, kisha akakunja kitabu chake. "Nakolong kwa pigo moja," akasema. "Kazi ni yake. Jumatatu, saa moja asubuhi, si saa moja na dakika."

Nakolong alikaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni la kanisani, akavua kiatu kimoja, akatoa karatasi iliyokuwa inamchoma kidole siku nzima, akafuta nayo uso. Vincent akanirushia mpira wake. "Anko," akasema, "shika beberu wako." Halafu akaenda kumsalimia Nakolong kwa mikono miwili, na hilo nampa, ni kijana aliyefunzwa.

Jumatatu lori la Korbesa lilipita saa mbili. Dereva alipiga honi mara tatu mbele ya nyumba ya Akidor, na Akidor akamjibu kutoka kitandani maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana nataka maandishi haya yasomwe na watoto. Lori likaenda.

Mimi nilikwenda uwanjani kumpongeza mtunza kiwanja mpya. Nilivaa kofia yangu ya manyoya na kushika rungu la heshima. Nilimkuta ameshamwaga oili kwenye brauni ya kwanza na kuisawazisha mpaka inang'aa kama ngozi ya fahali. Nikamwendea moja kwa moja, mikono wazi, nikisema kwamba ukoo mzima unajivunia, na kwamba kama baba yake mdogo na mwalimu wake wa kwanza, nimefikiria cheo gani kinanifaa hapa.

"Apa," akasema.

"Ndio, mwanangu."

"Umesimama kwa brauni."

Nikatazama chini. Nyayo zangu zilikuwa kumi na moja, za viatu vya matairi, kubwa, kila moja imejaa oili. Nikaanza kumweleza kwamba nyayo za mzee ni baraka mahali pa kazi. Alikuwa ameshaninyooshea reki, na hakuwa anacheka.

Nilisawazisha. Alinirudisha mara mbili kwenye kona moja. Ya tatu akasema ni sawa.